Nasifiwa kwa Dresingi Aliyoipika Jirani

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka. Mimi ni karani katika ofisi ya hati za ardhi ya kaunti, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa kwenye hati ni la mwenye mali kweli, na mwaka huu nimehamia mji huu mdogo kutoka Birmingham, ambako mama yangu alikuwa akinunua chakula kilichopikwa tayari. Nimepanga nyumba iliyo katikati ya nyumba mbili, upande mmoja yupo Bi Mozelle Gaddis, mwenyekiti wa kamati ya jikoni ya kanisa letu, na upande wa pili yupo Bi Icie Pettus, mjane, na kila jioni husimama kila mmoja kwenye ua wake wakazungumza juu ya nyanya zangu zilizokufa.

Ukiwasikia kwa mbali utadhani ni mtu na dada yake. Huulizana hali za magoti, husifiana nywele, kisha hupeana maarifa ya jikoni. Bi Icie atasema sukuma wiki hutaka shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, Bi Mozelle atajibu ahsante mpenzi, nitajaribu siku nikikosa nyama ya nguruwe. Bi Icie atasema mkate wa mahindi ukitiwa sukari kidogo haukauki, Bi Mozelle atajibu ndiyo maana siku zote nimezipenda keki zako. Wote wawili hucheka, nami ilinichukua muda kuelewa kwamba hapakuwa na cha kuchekesha. Mmoja akishaingia ndani, mwenzake hunigeukia na kusema taratibu, "Masikini ya Mungu, anajitahidi." Hapa kwetu sijasikia tusi zito kuliko hilo.

Sasa shida yangu. Bi Mozelle aliniletea pai ya pichi katika bakuli lake la kioo, nikaila, nikaliosha bakuli vizuri, na nilipotaka kulirudisha nikakumbuka alivyomsema mpangaji aliyenitangulia, kwamba alikuwa mtu wa kurudisha bakuli tupu, na alivyolitamka hilo neno tupu ungedhani yule mpangaji alilirudisha na mende ndani. Mimi sijui kupika. Siku hiyohiyo Bi Icie akanigongea mlango akiwa na kikaango cha chuma kilichojaa dresingi, ule mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ukaokwa tena, una majani ya seji yanayonukia na mayai ya kuchemsha na supu ya kuku iliyoingia mpaka chini, kingo zimekauka rangi ya kahawia, akasema kijana kukonda hivi ni aibu kwa majirani. Nusu niliila. Nusu nyingine niliitia kwenye bakuli la Bi Mozelle.

Nilikusudia kusema imetoka kwa nani, mshauri, naapa. Lakini alifunua, akanusa, akachovya kidole, akaniuliza, "Umeipika wewe, mwanangu?" na mdomo wangu ukajibu ndiyo, mama, kabla sijauwahi.

Bi Mozelle ndiye mpishi wa dresingi ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ile siku ambayo wote waliohama hurudi kanisani na tukala pamoja uani, na ameipika tangu mimi sijazaliwa, na miaka yote hiyo amekuwa akiwaambia watu kwamba dresingi ya Bi Icie ni kavu, ingawa hajawahi kuionja. Jioni iliyofuata alisimama kwenye ua wake akamwambia Bi Icie, mimi nikiwa katikati yao na mpira wa kumwagilia maji mkononi, "Icie, mikono yangu imechoka. Mwaka huu dresingi atapika huyu mtoto. Nimeionja yake, mpenzi, hata marehemu mama hakuifikia."

Bi Icie akauliza, "Ina mayai?"

"Ina mayai."

"Na kingo?"

"Hizo kingo ndizo zilizonimaliza."

Bi Icie akanigeukia, akatabasamu, akasema, "Basi lazima unifundishe, mwanangu. Njoo jikoni kwangu siku yoyote. Na uje na hicho kikaango unachopikia, maana mapishi kama hayo ni kikaango." Tangu hapo kila akiniona huniuliza kikaango changu hakijambo, nami humjibu hakijambo, mama, tukaendelea na habari za mvua.

Kurudi Nyumbani ni Jumapili hii. Nikikiri kwa Bi Mozelle, atajua kwamba ameisifu dresingi ya Bi Icie mbele ya Bi Icie, na hilo sidhani kama atanisamehe. Nikipika mwenyewe, kanisa zima litaonja. Nikijifanya mgonjwa, wote wawili wataniletea supu. Sina ndugu katika mji huu, hawa wawili ndio watu pekee wanaonigongea mlango, na naogopa kwamba baada ya Jumapili hatanigongea yeyote. Niambie, je, Bi Icie anajua? Na nifanye nini?

Karani Mwoga, Alabama


Karani wangu,

Pole. Nimekuhurumia, sasa kaa chini nikuseme.

Anajua. Alijua kabla hajauliza habari za mayai, na aliuliza ili asikie zaidi. Mwanamke huyu amengoja umri wake wote sifa zitoke kwenye mdomo ule, na siku zilipotoka zimekwenda kwako. Wewe, unayelipwa kulinda majina ya wenye mali! Mtu akija ofisini kwako na hati ya namna hiyo, utampigia mhuri?

Hata hivyo, hilo si baya kuliko yote. Nimeirudia barua yako. Umenieleza bakuli la Bi Mozelle lilivyooshwa, na ulivyotetemeka kulirudisha tupu. Kikaango cha Bi Icie kiko wapi? Hukusema popote. Basi nitasema mimi: kiko juu ya jiko lako mpaka leo, na kama umekisugua kwa sabuni ukakitoa mafuta yake ya miaka, usiniandikie tena. Ulidhani anapiga soga? Mama wa watu anadai chuma chake kwa adabu yote aliyolelewa nayo, huenda ni cha mama yake mzazi, na wewe unamjibu hakijambo.

Leo ukitoka kazini chemsha mayai. Hata mtu wa Birmingham anaweza kuchemsha mayai. Yatie kwenye kikaango, upitie mlango wa jikoni, useme, "Bi Icie, nilikuibia sifa zako. Naomba unifundishe." Usijieleze, usilie. Akikuita masikini ya Mungu, itikia. Halafu vaa aproni, uvunje mkate kwa mikono yako mwenyewe, uunguze, uanze upya. Atakuonyesha kila kitu isipokuwa kimoja. Usikiulize, atakitia ukigeuka.

Kwa Bi Mozelle nyamaza mpaka Jumapili. Ukimwambia leo ataghairi, ataipika yeye, na kwa barua ninazopokea hapa, kanisa lenu lina hamu ya kupumzika na dresingi yake. Jumapili mpakulie wewe. Ngoja ale, ngoja arudi kuongeza, na akiwa na kijiko mdomoni sema kwa sauti ya kusikika meza nzima kwamba mwalimu wako ni Bi Icie, na ile ya kwanza pia ilitoka jikoni kwake. Sauti hiyo unayo, ni ileile uliyosema nayo ndiyo, mama.

Atakasirika, na ana haki, maana umemdanganya. Mwombe radhi palepale, na umwache akasirike. Lakini kuhusu kugongewa mlango, lala usingizi. Bi Mozelle hawezi kumwachia Bi Icie akulishe peke yake. Wiki haitaisha kabla hujaliona lile bakuli la kioo mlangoni, na ndani kuna dresingi, ili uonje ujue tofauti. Kula, sema ahsante, lioshe, ulirudishe na mayai ya kuchemsha. Na safari hii akikuuliza kama umeyapika wewe, jibu ndiyo, mama.