Harufu ya Samaki Ndani ya Kamyo ya Moto

Kisangani, Jumanne jioni, 1956

Sheria niliijua: kamyo ya kuzimisha moto haibebe kitu kingine, ni mipira ya maji na watu wa kazi tu. Lakini tonton, ndugu ya mama yangu, aliniona kule kwenye maporomoko: «Mutoto wangu, nipelekee hiki kitunga cha samaki sokoni.» Tonton, utamukatalia namna gani?

Kitunga kikavuja kwenye kiti. Na kesho asubuhi shefu anakuja kukagua, na pua yake ile!

Bon, nikaosha kiti kwa mupira wa kamyo yenyewe, nikasugua, nikarudilia. Harufu imeisha. Maji ya tangi pia imeisha, na ufunguo wa bomba ya kujazia iko kwa shefu mpaka kesho.

Muke wangu alitaka kuwasha moto apashe pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nimemukataza. Tutaikula baridi.