Yego haivaliki

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Lakini wiki hii nimebishana na mkuu wa chuo, na kila nilipotafuta maneno ya kumjibu nilikuta ni yako.

Nakumbuka baraza letu la Nyamirambo, wasichana wameinamia vyerehani, nami sakafuni naokota pini kwa sumaku. Ukimaliza kueleza, hukuuliza kama wameelewa. Uliwajua watu wetu: mtu atakujibu "yego", ndiyo, hata kama hakushika kitu, asije akamwaibisha mwalimu. Msichana akiitamka tu, ulimkatiza: "Yego haivaliki, binti yangu. Mwonyeshe mwenzako." Naye alionyesha, huku wewe umenyamaza, unatazama vidole.

Sasa nafundisha ushonaji Kimisagara, kwa namna ambayo ungeicheka kwanza, kisha ukaipenda. Siku za wiki wanafunzi wanatazama video zangu kwenye simu. Jumamosi tunakutana darasani, kila mtu na kitambaa chake. Usidhani nazidharau video, Mama. Claudine anaishi mbali, Kimironko, na ana mtoto mchanga. Hutazama somo la kola akinyonyesha, akarudisha nyuma apendavyo. Wewe ukirudia mara ya tatu sauti ilipanda. Video haipandishi sauti.

Ila mkuu aliona chini ya kila video wote wameandika "nimeelewa", akaniita. "Mwalimu, kama wanaelewa wakiwa nyumbani, Jumamosi ya nini? Tuifute."

Jumamosi iliyofuata Claudine, aliyeandika hivyohivyo, alileta shati alilomshonea mteja. Kitambaa kilikuwa na maua upande mmoja tu, naye alikata mikono bila kukikunja. Yote miwili ikatoka ya kushoto.

"Dada, huyo mteja wako anasalimiana na watu vipi?" mwenzake akamuuliza.

Darasa likaangua kicheko. Claudine mwenyewe alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Kisha yule mtani akachukua kitambaa kilichobaki, akakikunja maua kwa maua, akamkabidhi mkasi. Nilinyamaza, nikatazama vidole. Nilikuhisi karibu kiasi kwamba niliogopa kugeuka.

Jana nilimjibu mkuu. Video zibaki, na Jumamosi ibaki. Cheti cha mtu ambaye sijamwona akishona sitakitia sahihi.

"Walimu wapo wengi, mwalimu," mkuu akasema kwa upole.

"Ni kweli," nikasema. "Na yeyote utakayemleta, mwambie awaone wakishona."

Nilitoka mpaka barabarani, sikurudi kuomba radhi, wala sitarudi. Sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi. Jumamosi hii nitakuwa na wanafunzi.

Pumzika, Mama. Naenda kupiga pasi vitambaa vya darasa.

Binti yako