Filamu Iliyotoka Tupu

Jumanne, baada ya Isha

Tupu. Filamu nzima angavu kama kioo, hapana hata kivuli. Nimeisafisha kwa dawa chooni, nikaining'iniza kwenye kamba, ndiyo kwanza nakumbuka kwamba kile kikono cha kurudishia filamu hakikuwa kikizunguka kila nilipovuta filamu kwa picha nyengine. Filamu haikushika ndani ya kamera. Jumapili alasiri nzima nilikuwa napiga hewa.

Kinachoniuma ni Bi Zuhura wa ghorofa ya chini. Alitia wanja, akavaa kanga mpya, akakaa dirishani ametulia huku tukingoja jua literemke. Nilipomaliza akasema, "Haya nionyeshe, nimetokaje?"

"Hii haionyeshi papo hapo, Bi Zuhura. Mpaka nisafishe."

"Basi ntangoja. Wajukuu wananipiga picha kwa simu, hata sijakaa vizuri, washaondoka."

Akanimiminia kahawa nyengine.

Tangu mama afariki sijakaa kwa mtu muda kama ule. Huku juu hapana anayepiga hodi, ila aliyekosea mlango.

Naogopa kumwambia. Na papo hapo moyo umefurahi, jambo linalonitia haya. Kesho nna sababu ya kuteremka. Atavaa tena, tutangoja jua tena, pengine na kahawa...

Nshatia filamu nyengine. Nimevuta mara mbili, macho kwenye kikono, nikakiona kinazunguka. Imeshika.

Kidogo tu niiache isishike.