Barua ya Baba Uliyoinyoosha

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili mchana.

Mpendwa kitindamimba wetu,

U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Unakula, au bado unajidanganya kwa chai na mkate? Na mchumba wako, wifi yangu, hajambo? Sisi tu wazima. Mama anadunda, ila miwani yake ameikalia tena. Usiziruke salamu hizi, maana nasikia siku hizi unazifuta.

Ndiyo, nimeudhika. Tena si hasira tu, ni kinyaa.

Baba alipomwandikia mama mkwe wako ile barua ya Kiingereza, hakusaidiwa na mtu. Fundi vitanda yule, penseli sikioni, alifunga karakana akakaa na Kiingereza chake cha shule ya zamani. Akamuuliza yule mama ameamkaje. Akampa pole ya goti, kwa kuwa wewe ndiye uliyetuambia linamsumbua. Akasema anamwomba binti kama mtu aombavyo moto kwa jirani, kigae mkononi, hana makuu. Mimi nikaipiga picha nikakutumia, uichape tu umpelekee.

Wewe ukainyoosha! Ukaturudishia nakala ya hicho ulichompelekea, mistari minne mikavu, na maelezo yako kwamba sasa inasikika kama ya wenyewe, kwamba wenye lugha yao hawaongei vile. Goti umelifuta. Moto umeuzima. Umebakiza "tunafurahi kukufahamisha", na chini yake jina la baba. Ilikuwa laini kama kipande cha sabuni cha gesti, hujui nani alikishika.

Baba aliisoma amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Nani kaandika hii?" Nikamwambia ni yake, imenyooshwa tu. Akasema, "Basi huko harusini aende huyo aliyeandika." Suti ameirudisha kabatini. Mama kambembeleza, shangazi kambembeleza, wapi! Unamjua, akisema amesema.

Hivi, mdogo wangu, ulikuwa unamwonea aibu nani? Kiingereza hicho hicho kinachochechemea ndicho kilichokuombea nafasi ya shule kwa mwalimu mkuu. Siku ile hukukiona kibovu. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Barua yenyewe, ya mwandiko wake, nimeitia humu kwenye bahasha. Mpelekee yule mama, umsomee kwa mdomo wako, ikichechemea hivyo hivyo. Akicheka, cheka naye, lakini usome mpaka mwisho. Bila hivyo baba hatoki hapa, na mimi sitamsukuma.

Mama anakusalimu sana, na shangazi, na jirani yetu mshona viatu. Mungu akulinde, na akulainishie moyo badala ya sentensi.

Nilimuuliza baba kama ana salamu zako. Akaendelea kupiga randa. Nimefika mlangoni ndipo akaniita: "Muulize, goti la yule mama vipi?"

Akupendaye hata akiwa amekunja uso,
Dada yako mkubwa