Nyumba Inayoonekana Kutoka Ng'ambo

Amukura, Jumamosi, Aprili 1979

Mawingu tangu asubuhi. Mvua imenyesha, ikakoma, ikanyesha tena. Nimefunga mlango kwa komeo na kusukuma meza hadi mlangoni. Najua meza haiwezi kumzuia mtu mwenye bunduki. Nimeisukuma tu.

Naogopa.

Naandika neno hilo hapa kwa sababu kutwa nzima nimekuwa nikiwaambia watu kwamba siogopi.

Nyumba hii niliinunua mwezi wa pili. Tangu nianze kazi ya ukunga nilikuwa nakaa chumba cha kupanga kule Malaba, nyuma ya baa ya madereva, malori yakinguruma hadi ukuta unatetemeka. Nilitamani mahali pangu palipotulia. Basi mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima upande wa Chakol akamaliza mkataba, akatangaza anauza nyumba yake ya huku kilimani. Juu ya mabati alikuwa amefunga vioo vitatu vyeusi vilivyoletwa kutoka kwao kwa meli. Mchana vinakamata jua na kujaza betri mbili za lori zilizo jikoni. Jioni unabonyeza swichi, taa inawaka. Hakuna mafuta, hakuna kelele. Nilipobonyeza mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Sikucheka kwa muda mrefu.

Vita vya Uganda vimefika karibu. Kutoka mlangoni pangu naona mwamba wa Tororo na mabonde yake yote, na siku hizi naona moshi pia. Wanajeshi walioshindwa wanakimbilia huku. Wanavuka mto wa mpakani wakitafuta chakula na nguo za raia. Inasemekana kuna boma moja bondeni waliingia, wakaondoka na ng'ombe na mwenye ng'ombe, na mpaka leo hajarudi. Sijui kama ni kweli. Walioniambia walikuwa wananong'ona.

Wiki iliyopita jirani yangu, Mzee Ekisa, alikuja kuniona. Hakutaka kukaa.

"Sista," akasema, "sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini hii nyumba yako inaonekana mpaka huko ng'ambo. Mchana vile vioo vinametameta. Usiku ni kama unawaita."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Funika na majani ya ndizi. Na usiku kaa giza kama sisi."

Nikapanda ngazi nikafunika. Nilikuwa nimenunua jua, nikalificha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia koroboi ndogo, na hata hiyo naiweka chini ya meza.

Jana, baada tu ya jua kuzama, nikasikia miguu nje. Nilishika panga. Ilikuwa sauti ya Mzee Ekisa ikiniita. Yeye, mkewe na mwanawe walikuwa wamembeba Amoit, mke wa huyo mwanawe, kwenye blanketi. Alikuwa amejifungulia nyumbani. Mtoto yuko sawa, mke wa mzee alikuwa amemfunga kifuani. Lakini damu ya Amoit ilikuwa haikatiki.

"Kwa nini hamkuniita mapema?"

"Njiani kulikuwa na watu hatuwajui," mwanawe akasema. "Tulingoja wapite."

Tulimlaza mezani. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka lote. Nikajua amechanika ndani, lakini kwa mwanga wa koroboi sikuona ni wapi. Nilipapasa kwa vidole. Moshi wa koroboi ukaniingia machoni. Amoit akaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

"Sista, washa," akasema Mzee Ekisa.

"Mzee, ni wewe uliyesema..."

"Najua nilisema nini. Washa."

Nilibonyeza nikiomba. Betri zilikuwa hazijapata jua siku kadhaa. Taa ikawaka nyekundu kama kaa la moto, halafu ikapata nguvu, na chumba chote kikawa cheupe. Dirisha halina pazia. Mzee alivua koti lake kuukuu, akalitanua kwa mikono miwili, akasimama dirishani mgongo wake ukiwa upande wa Uganda.

Nikaona palipochanika. Nikaanza kushona.

Sijawahi kushona huku nimeogopa hivyo. Mbwa wa bondeni walibweka, kisha wa karibu, kisha wetu. Kisha mlango ukagongwa, taratibu.

Mimi sikuweza kuacha, sindano ilikuwa ndani ya nyama.

"Nyinyi wenye taa," sauti ya mwanamume ikasema. "Naomba maji."

Mzee Ekisa alimpa mwanawe lile koti alishike dirishani. Akachota maji kwenye mtungi, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Niliwasikia vizuri.

"Hapa ni hospitali?"

"Ni kwa mkunga. Kuna mzazi ndani."

"Amepona?"

"Bado anashonwa."

Kikombe kiligusa kizingiti. Kisha hatua zikateremka kuelekea barabara ya Malaba. Mzee aliporudi alisema yule mtu alikuwa na suruali ya jeshi, hana viatu, na bunduki ameifunga ndani ya shati. Akalichukua koti lake, akarudi kusimama dirishani.

Nilikata uzi. Damu ilikuwa imekatika. Nikazima taa.

Leo mchana wanaume wa kilimani wamekuja na magunia ya kahawa. Hakuna aliyewatuma. Wameyapigilia misumari kwenye madirisha yote, mawilimawili, kisha wakaniambia niwashe taa wakatazame kutoka nje. Wakasema haionekani. Mmoja akaniuliza kama naogopa kukaa peke yangu. Nikamwambia siogopi.

Amoit bado yuko hapa, chumba cha nyuma. Hajapata nguvu ya kutembea. Jioni hii aliniuliza, "Yule mtu atarudi na wenzake?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikamwambia sijui.

Kisha nikamwambia kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiamua kabla kinywa hakijakisema: wakija, watanikuta hapa. Sirudi Malaba.

Mtoto ameanza kulia. Nimwone kwanza.