Maji ya Subukia Yaliyochotwa Mishomoroni

Mzee wetu wa ukurasa huu, shikamoo. Nisaidie upesi, maana Jumapili natakiwa kusimama mbele ya jumuiya yetu hapa Kiembeni nitoe ushuhuda wa hija ambayo sikuifikisha mwisho, na chanzo ni mdomo wangu, kwani jumuiya ilipokodi basi kwenda kuhiji Subukia, kwenye chemchemi ya Bikira Maria, niliwacheka hadharani, nikamwambia mwenyekiti wetu Bi Janice, "Hija gani ya sare na spika, kila mji mwashuka kununua viazi? Mimi nitakwenda peke yangu kwa magari ya abiria," naye akanijibu, "Nenda baba, utuletee na maji ya chemchemi," basi nikaondoka na mtungi wa lita tano, nikapanda basi hadi Nairobi, kisha gari la Nakuru, na Nakuru nikapanda la Nyahururu linalopita Subukia, lakini sikumwambia kondakta anishushe wapi kwa kuwa nilitaka nionekane mwenyeji, usingizi ukanichukua, nikazindukia Nyahururu katika baridi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua kwenye friji tu, nami nina shati la mikono mifupi, nikajiambia Mungu ameiona nia yangu, nikarudi zangu Mombasa.

Sasa mtungi ningeurudishaje mtupu? Niliteremka Mishomoroni nikaujaza kisimani, na maji ya visima vyetu unayajua yalivyo na chumvi, nikawagawia wanajumuiya ambao hawakusafiri, na Mama Pascalia, mjane mwenye presha, alipoonja akakunja uso nikajua nimekwisha, kumbe akapiga magoti, "Munga mwanangu, haya ni machozi ya Bikira Maria mwenyewe!" na wote wakaitika amina, akabeba yaliyobaki, anakunywa gilasi asubuhi na jioni, hata jana binti yake Linda alinijia mbio, "Kaka Munga, mama ameacha vidonge, kavificha nyuma ya picha ya Bikira, asema maji yako yamtosha, na kichwa chamuuma siku ya tatu leo," nami nikamwambia aendelee kusali tu. Je, niungame kwa padre kimyakimya, au nirudi Subukia nikalete maji ya kweli niyabadilishe pasipo mtu kujua?

Munga, Kiembeni

*

Marahaba, Munga. Barua yako ilinichekesha mpaka nilipofika kwa Linda, hapo nikavua miwani.

Nikueleze polepole. Mgonjwa wa presha huambiwa hospitalini apunguze chumvi kwenye mchuzi. Wewe umempa chumvi ya kunywa, kutwa mara mbili, kisha ukamwacha aweke dawa kando, na mwanawe alipokuja kuomba msaada ukamjibu kwa uchaji. Hukumjibu hivyo kwa imani. Uliogopa kuchekwa na Bi Janice.

Padre utamwendea, lakini baadaye. Ukiungama kwake kwanza, siri ya kitubio inamfunga mdomo: wewe utatoka kanisani mwepesi, na Mama Pascalia ataendelea kunywa. Na huo mpango wa kubadilisha maji ni uongo uleule uliokatiwa tikiti ya pili.

Kwa hiyo weka gazeti chini uende kwake sasa hivi. Mwambie mbele ya Linda, "Mama, maji haya niliyachota Mishomoroni. Subukia sikufika." Usianze na habari za baridi. Atakutukana, naye ana haki, vumilia. Kisha itoe picha ukutani, vidonge uvipeleke pamoja naye kliniki apimwe leo, daktari ndiye aseme ataanza vipi tena. Kichwa cha siku tatu hakingoji Jumapili.

Jumapili simama ulivyoahidi, useme ulikofika na ulikochota. Bi Janice atacheka. Mwache acheke, alikuwa na basi na alifika.

Halafu urudi Subukia. Kwenda kwa magari ya abiria si kosa, waumini wengi huenda hivyo na hufika bila kumcheka mtu. Pumzika Nairobi usije ukasinzia tena, beba sweta, na mtungi uache nyumbani. Pale Nakuru, kabla gari halijaondoka, mwambie kondakta kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma: "Mimi ni mgeni, sijui njia, nishushe Subukia." Ukiweza kuyasema hayo mbele ya abiria wote, Munga, Mama Pascalia hatakushinda. Kwa hiyo fanya mazoezi sasa, ukiwa njiani kwenda kwake.