Waya Mwekundu wa King'amuzi

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichomlalamikia Baba kwenye simu kimeshakuachia koo lako. Mapacha je, bado wanagombania mto mmoja? Sisi huku hatujambo. Baba mwezi huu yuko zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo tunamwona akiwa macho. Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile kandambili zilikutosha. Bibi naye mzima, isipokuwa goti, ambalo analisema kama mtu anayemsema jirani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua. Simu ikifika mkononi mwangu nasema "nzuri, nzuri, salama", halafu naipitisha kwa mwingine. Karatasi hainitazami.

Kwanza asante kwa televisheni. Ilifika bila mkwaruzo. Baba aliikumbatia kutoka kwenye gari mpaka sebuleni na hakuruhusu mtu amsaidie. Ile ya zamani, yenye chogo nyuma, tumeihamishia stoo, na juu ya kabati pamebaki mraba unaong'aa ambao haukuwahi kuona vumbi. Hii mpya ni nyembamba mpaka Bibi aliuliza vitu vya ndani vinaletwa lini.

Sasa nikuambie ukweli, na tafadhali usimsomee mtu. Mimi siipendi. Kosa si lako, wala si la televisheni.

Unajua Bibi ana tamthilia yake ya jioni, ile ya familia yenye jumba kubwa na mama mkwe mwenye miwani. Wanaongea Kiingereza mwanzo mwisho. Tangu nilipoanza kukielewa vizuri, kazi ya kumtafsiria ilikuwa yangu. Nakaa kwenye kigoda mkono wake wa kushoto, wao wanasema, mimi nasema. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili na mimi nanyamaza kwa zote mbili. Mwalimu wa darasa aliwahi kumwambia Mama kwamba hajui sauti yangu ikoje. Lakini pale kwenye kigoda, Shangazi, nilikuwa mama mkwe, nilikuwa wakili, nilikuwa hata mbwa wao. Wakibusiana nilisema wanaagana. Bibi akasema watu hawa wanaagana sana.

Halafu akaja binamu. Mtoto wa Shangazi Mkubwa, unamjua, anasomea umeme chuoni na amehamia kwetu tangu Januari. Mtaa mzima unamwita Injinia, naye anaitika. Bibi anamwita "mume wangu". Mimi aliniita "mke mwenzangu" tangu nikiwa mdogo, wakati Babu yupo na sote wawili tulikuwa wake zake. Sikujua kama utani ule unaweza kuuma. Siku hizi akisema "mume wangu amechoka, mpelekee chai", naipeleka, ila naimwaga kidogo kwenye kisosi makusudi.

Siku ya kuunganisha, yeye ndiye aliyeshika kazi. King'amuzi chetu cha kebo ni kile kile kikuukuu, hakina tundu la ule waya bapa wa kisasa. Kina matundu matatu tu ya duara, la njano, jeupe na jekundu. Televisheni ya chogo ilikuwa na mawili, la njano kwa picha na jeupe kwa sauti. Waya mwekundu ulibaki ukining'inia nyuma ya kabati miaka yote, Mama akiufunga fundo ili asiufagie. Tuliamini ni wa akiba.

Injinia alilifungua lile fundo. Televisheni yako ina matundu yote, akachomeka nyaya zote tatu, kila mmoja kwa rangi yake. Skrini ikabaki bluu, ikisema haina mawimbi. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Akachukua rimoti, akapitia orodha ya matundu ya kuingizia picha mpaka akalipata linalohusika, na picha ikaja, kubwa na yenye rangi zake. Taarifa ya habari ikaenda vizuri. Tamthilia ilipoanza, wakaanza kuongea watu wawili kwa pamoja. Spika moja inasema Kiingereza, nyingine inasema Kiswahili.

Akachomoa waya mweupe. Kiingereza kikakatika. Mama mkwe mwenye miwani akabaki anaongea Kiswahili sanifu, fasaha kuliko mwalimu wetu.

Kumbe Kiswahili kilikuwemo siku zote, kimefungwa fundo nyuma ya kabati. Bibi alipiga makofi. Alimwombea Injinia mke mwema, watoto na maisha marefu. Mimi nikaenda jikoni kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi.

Tangu hapo kigoda changu anawekea miguu Injinia. Wanacheka pamoja. Mara nyingine Bibi anashtuka kabla hata sentensi haijaisha, na zamani alikuwa akinisubiri mimi ndipo ashtuke. Nimemwonea binamu wivu mpaka nikamwonea wivu waya, Shangazi, kitu kisichokuwa hata na uso. Juzi nilisimama nyuma ya kabati na ufagio nikiutazama waya ule, nikifikiria jinsi ambavyo ungeweza kulegea wenyewe. Sikuugusa. Lakini nilisimama.

Na wivu haukuwa peke yake. Kulikuwa na hofu, na hii sijamwambia mtu yeyote.

Unamkumbuka yule dereva wa jumba lile, mzee mpole aliyekuwa akimpelekea bibi wa nyumba maua? Bibi alimpenda kuliko wote. Alisema anatembea kama Babu, bega moja mbele. Tulipomaliza kumzika Babu na wageni wakaondoka, jioni ya kwanza tulipowasha televisheni, dereva yule akafa. Alianguka bustanini. Kila mtu kwenye tamthilia analia, na Bibi ameshika mkono wangu ananiuliza wanalia nini.

Nikasema amesafiri. Amepata kazi nyingine mbali, wanamlilia kwa kuwa walimzoea.

Basi ikabidi niendelee. Bibi alikuwa akiuliza dereva anarudi lini. Nikawa namtungia habari zake. Wakisoma barua ya benki, mimi nasema ni barua ya dereva, anawasalimu. Mara amepewa nyumba, mara anafuga njiwa. Ndiyo maana kila jioni, waya mwekundu ukianza kusema, nilikuwa nakaa mlangoni nikisubiri utakaponiumbua.

Ulisema Alhamisi. Mama mkwe alikuwa anamfokea dereva mpya, akamwambia kwamba hatafikia hata kidole cha marehemu. Bibi akageuka polepole, akanitazama pale mlangoni. Nilitamani sakafu inimeze.

Injinia akacheka. Akasema kumbe yule mzee wa maua alishakufa, na Bibi juzi alikuwa anamwulizia anarudi lini.

"Hakufa," Bibi akasema. "Kasafiri."

"Bibi, si wamesema marehemu? Umesikia mwenyewe."

"Mume wangu, wewe umefika juzi. Hawa watu huwajui. Yule kasafiri."

Akairudisha shingo kwenye skrini, akaendelea kuangalia. Injinia alinitazama kama mtu aliyechomeka waya kwenye tundu lake na bado hakuna picha. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nilimwonea huruma, kidogo tu.

Kesho yake nilimkuta Bibi jikoni anachambua mchele. Sikujua nianze wapi. Nikakaa upande wake wa kushoto, nikavuta ungo, nikachambua pia. Tulifika karibu nusu ndipo akaongea, bila kuinua macho.

"Yule msafiri wetu. Siku hizi haandiki?"

Nikasema, anaandika, ila barua zinachelewa.

"Njiwa wake wazima?"

Nikasema wamezaliana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokifuata, akatoa jiwe dogo kwenye mchele na kuliweka pembeni. Sebuleni Injinia akaita kwamba marudio ya tamthilia yanaanza, aje haraka.

"Niache kwanza," Bibi akamjibu. "Naongea na mke mwenzangu."

Sijui alijua tangu lini. Pengine tangu ile jioni ya kwanza, kwa jinsi mkono wangu ulivyotoka jasho ndani ya wake. Sikumwuliza, na sidhani kama nitamwuliza.

Usifikiri nimepona. Jioni ile ile alirudi kwenye kiti chake, akasikiliza waya mwekundu, akacheka na mumewe, na wivu ukanirudia pale pale nilipouacha. Injinia anasema umeahidi kuleta king'amuzi kipya, cha waya mmoja, ambacho mtu anachagua lugha kwa rimoti. Nilikusudia barua hii iwe ya kukuomba usilete. Nimefika hapa nimeona kwamba siwezi. Bibi ana haki ya kusikia kila kinachosemwa ndani ya jumba lile. Habari za dereva hazipiti kwenye waya, kwa hiyo kilete tu.

Ila ukikileta, niletee na kigoda. Kile cha zamani kina miguu ya mtu.

Wasalimie mapacha, uwaambie dada yao anawaweka moyoni hata akinyamaza. Msalimie na mama mwenye nyumba wako aliyenitumia kalamu hii. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kubishana na Bibi.

Ni mimi nikupendaye, nisiyesikika kwenye simu,

Mke mwenza wa mama yako.